Jembe Linaloruka Mgagani

Januari, mvua ikishashika, mashamba ya Mungaa huwa na kazi moja: palizi. Mtama na uwele vimefika magotini, alizeti inafungua majani mapana, na magugu yamewahi kama ilivyo desturi yao. Simama kando ya shamba, mwache mpaliliaji, tazama jembe tu. Linakwenda kwa mwendo uleule, linashuka, linavuta, linashuka, linavuta, halafu mara moja linapinda, linazunguka kitu na kuendelea na safari. Kilichozungukwa ni mmea mdogo wenye shina la vinyweleo vinavyonata kidogo na jani lililogawanyika kama vidole vitano. Kila kilichouzunguka kimelala chini mizizi juu. Wenyewe umesimama.

Huo ni mgagani. Uliza kama umepandwa, utaambiwa hapana, umejiotea. Uliza kama ni gugu, utaambiwa hapana, ni mboga. Kati ya hapana hizo mbili kuna kilimo kizima ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye fomu yoyote, kwa kuwa fomu huuliza umepanda ekari ngapi, haiulizi umesamehe miche mingapi.

Mungaa ni kata katika wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nchi ya Wanyaturu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha miezi ya ukame inayofanana mmoja na mwingine. Mkoa unajulikana kwa alizeti, vitunguu na kuku, na ukifika kwenye habari za mboga, jina linaloshika nafasi ya kwanza ni mlenda. Mlenda una watetezi wa kutosha, hauhitaji wakili mwingine. Mgagani hukaa kwenye sufuria jirani na hutajwa pale mtu anapoulizwa, "Na nini kingine?"

Wataalamu wa mimea wanauita Gynandropsis gynandra. Linnaeus, yule Msweden ambaye hakuona aibu kuipanga mimea kwa viungo vyake vya uzazi, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Cleome gynandra. Neno la pili linaunganisha mwanamke na mwanamume kwa Kigiriki, kwa sababu nyuzi za kiume za ua lake zimepanda juu ya kikonyo kilekile kinachobeba sehemu ya kike. Nyuzi hizo ni ndefu na zimetawanyika, Waingereza wakaona miguu ya buibui wakaupa jina hilo. Majina ya kwetu hayakujishughulisha na ua. Kwa mchuma mboga, ua la mgagani ni habari mbaya: likishatoka, majani mapya yanakuja madogo na machache, na mmea unaanza kufikiria watoto wake kuliko chakula chako.

Ukoo wake una mkasa kidogo. Zamani uliwekwa pamoja na mikapari. Mwaka 1998 jopo la kimataifa lililokuwa likipanga upya jamii za mimea inayotoa maua kwa kufuata vinasaba liliuingiza ndani ya jamii ya haradali, nyumba moja na kabichi, sukuma wiki, chainizi na figiri. Mwaka 2009 jopo hilohilo likautoa na kuupa nyumba yake, iliyopakana na ya haradali ukuta kwa ukuta. Kwa miaka kumi na moja, basi, wanawake wa Mungaa walikuwa wakichuma haradali, na sidhani kama kuna aliyepewa taarifa alipoingia wala alipotoka.

Kufukuzwa nyumbani hakukufuta undugu. Tafuna jani bichi la mgagani utajua. Ule uchungu unaofuatiwa na ukali mdogo puani unatoka kwenye viini vya salfa vilevile vinavyoipa haradali moto wake na kabichi harufu yake inapochemka kupita kiasi. Mmea unaviweka kwenye majani kwa ajili ya wadudu. Sisi tumevizoea tukaviita ladha.

Figiri nayo inastahili maneno mawili, kwa sababu ndiyo ndugu wa karibu wa haradali aliyekubaliwa rasmi bustanini. Kamusi zinasema figili ni ule mzizi mwekundu au mweupe unaoliwa kwa kachumbari. Masoko ya Arusha na Mbeya yanauza figiri ambayo ni majani, na ambayo wataalamu wanaiita haradali ya Ethiopia. Hao ni watu wawili tofauti wa ukoo mmoja. Yule wa majani ni mtoto wa kabichi na haradali nyeusi, ndoa iliyofungwa porini bila mtaalamu yeyote kusimamia, na iliyofafanuliwa mwaka 1935 na mtafiti aliyefanya kazi Japani, Nagaharu U. Figiri ina mbegu zilizosajiliwa, ina matuta, ina nafasi kati ya mche na mche. Ina kila alichokosa mgagani, isipokuwa uwezo wa kuota Mungaa bila kuombwa.

Lakini aliye maarufu kupita wote katika nyumba ya haradali hauzwi sokoni. Ni kimea kisichozidi kiganja sana kwa urefu, chenye maua meupe yasiyomvutia hata nyuki, kinachoitwa Arabidopsis thaliana. Hakiliwi, hakina mbao, mbuzi hawakipiganii. Sifa yake ni kwamba kinatoka mbegu hadi mbegu kwa muda wa wiki sita hivi, kinaenea kwa mamia juu ya meza ya maabara, na jenomu yake ni fupi. Desemba 2000 kikawa mmea wa kwanza duniani kusomwa jenomu yake yote. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wakaotesha mbegu zake kwenye udongo halisi wa mwezini ulioletwa na wanaanga wa Apollo. Ziliota zote, kisha mimea ikadumaa, jambo ambalo mkulima yeyote angeliwaambia mapema kuhusu udongo usio na samadi.

Kimea hiki kipo hata kwetu, kwenye baridi ya milima mirefu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017, uliotumia mimea kutoka Moroko, Afrika Kusini, Tanzania na kwingineko Afrika, ulionyesha kwamba matawi ya kale zaidi ya ukoo wake yako barani humu, ingawa kwa muda mrefu kilidhaniwa kuwa mzaliwa wa Ulaya na Asia. Kiswahili hakijakipa jina. Sioni haja ya kuharakisha.

Nimekizungumzia kwa sababu moja. Kati ya mimea yote inayofanya kile nitakachokieleza sasa hivi, mgagani ni wa karibu sana nacho kwa ukoo, na ukaribu huo ndio ulioupeleka mgagani maabara za Cambridge wakati nyumbani ulikuwa bado unasubiri kuitwa zao.

Mimea mingi, ikiwemo kabichi, maharage, mpunga na hata alizeti yetu, ina udhaifu wa zamani. Kimeng'enya kinachonasa hewa ya ukaa ndani ya jani hakina macho mazuri: jua likiwa kali na vile vitundu vya jani vya kupumulia vikajifunga ili kutunza maji, kinaanza kunasa oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea unatumia nguvu kurekebisha kosa. Kadiri joto linavyopanda ndivyo makosa yanavyoongezeka. Mahindi, mtama, uwele na muwa vilipata dawa. Vimegawa kazi kati ya aina mbili za seli: za nje zinakamata hewa ya ukaa na kuifunga kwa muda, za ndani, zilizouzunguka mshipa wa jani kama watu waliozunguka moto, zinaipokea kwa wingi na kuitengeneza sukari. Kile kimeng'enya chenye macho mabovu kimefungiwa chumba cha ndani ambako hakuna cha kukosea.

Dawa hiyo ni ya nyasi zaidi kuliko ya mimea ya majani mapana. Mchicha unayo. Mgagani unayo pia, na jirani zake wa ukoo wa haradali wenye jina kubwa hawana. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge walipendekeza kwamba mtu akitaka kujua jinsi dawa hii inavyojengwa ndani ya jani, autazame ukoo wa mgagani, kwa kuwa kila jeni litakaloonekana humo linaweza kulinganishwa na lile la Arabidopsis ambalo tayari linajulikana. Nyuma ya pendekezo hilo kulikuwa na ndoto kubwa zaidi: kuupa mpunga uwezo huo. Mradi wa kimataifa wa kazi hiyo umekuwapo tangu mwaka 2008, na mpunga bado haujapata. Jenomu ya mgagani ilichapishwa mwaka 2023, ina herufi mara kadhaa ya zile za jirani yake mwembamba.

Kwa hiyo mwezi Februari, mvua ya Mungaa inapokatika kwa wiki mbili tatu kama inavyofanya mara nyingi, kabichi ya bustanini inainamisha masikio saa tano asubuhi, na mgagani ulio hatua kumi kutoka hapo unaendelea na kazi. Unageuza majani yake kufuata jua, ukilitafuta. Nimeona watu wakiuita mboga ya maskini. Kwa hesabu ya jua na maji, maskini ni kabichi.

Turudi shambani, au hasa zizini. Mgagani haupendi kila udongo. Unapenda palipolala ng'ombe: ukingo wa zizi, njia ya mifugo, shamba lililomwagiwa samadi, na zaidi ya pote hame, yaani mahali palipokuwa na mji wa watu na mifugo yao pakaachwa. Mmarekani Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu na kuchapisha mwaka 1970 kitabu kuhusu uchumi wa Wawahi, kundi mojawapo la Wanyaturu hao, alieleza duara lao: ng'ombe anatoa samadi, samadi inatoa nafaka, nafaka ya ziada inageuka ng'ombe. Ni duara zuri, na limekaa vizuri kitabuni. Pembezoni mwa kila hatua yake, palipodondoka samadi bila kukusudiwa, kulikuwa na mboga inayoota. Duara linakuambia jinsi mtu alivyopata ugali na utajiri. Kwamba huo ugali uliliwa na nini, ni swali la mwanamke, na maswali ya wanawake yamekuwa na tabia ya kudondoka pembezoni pamoja na samadi.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipohamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwapanga kando ya barabara, iliacha nyuma mahame mengi yenye samadi ya vizazi. Waliopanga ramani walihesabu kaya, shule, kisima. Ardhi iliyokuwa imeiva kwa mboga haikuwa na alama kwenye ramani.

Zizi lina sababu nyingine ya kuupenda mgagani. Mwaka 1992 watafiti waliofanya kazi Kenya walichapisha matokeo kwamba mmea huu unawafukuza kupe, na kwamba kwenye malisho kupe hawakuonekana karibu nao. Kwenye waridi za Kenya nako umejaribiwa kuoteshwa kati ya mistari ya maua kupunguza utitiri mwekundu. Inapendeza kufikiria kwamba ua linalokwenda kupambwa mezani Amsterdam liliwahi kulindwa na mboga ambayo mwenye meza hawezi kuitamka.

Sasa jaribio langu, ambalo si la kujivunia. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Aprili, nilikusanya maganda ya mgagani yaliyoanza kuwa manjano. Ni marefu na membamba kama ya choroko, ila yakikauka yanapasuka kwa kuguswa tu na mbegu zinatawanyika, kwa hiyo ni lazima uyawahi. Nikapata mbegu za kujaza kikombe cha kahawa, ndogo, nyeusi, zenye mikunjo kama konokono mdogo sana. Nikatengeneza tuta, nikatia samadi iliyooza, nikamwaga mbegu juu, nikanyunyizia maji asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Kilichoota ni mchicha, ambao sikuupanda.

Nikampigia shangazi yangu.

"Mbegu ulizitoa lini?" akauliza.

"Wiki ileile, shangazi. Zilikuwa mpya kabisa."

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Baba, mtoto wa juzi anatumwa shambani?"

Mbegu za mgagani hulala. Zikitoka kwenye ganda ziko hai lakini hazikubali kuota, na huhitaji miezi, kwa kawaida mitatu hadi sita, kabla hazijakubaliana na maji. Yeye anazifunga kwenye kitambaa na majivu kidogo, anazitundika uchagani juu ya mafiga, anazisahau. Kosa langu la pili lilikuwa kuzimwaga juu ya udongo. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mwanga unazizuia kuota. Zinataka giza na zinataka joto, la nyuzi thelathini hivi. Yaani zinataka kufukiwa kidogo, kama sentimita moja, kwenye udongo uliokwisha kupata jua.

Hapo ndipo nilipolielewa lile jembe la Januari. Nilidhani kazi yake kwa mgagani ni kuuruka tu. Kumbe kila linapogeuza udongo linazichukua mbegu zilizodondoka msimu uliopita, zilizolala kiangazi chote, na kuzifukia kwenye giza lenye joto. Jembe linapalilia mtama na linapanda mgagani kwa pigo lilelile. Yule mama aliyekuambia umejiotea hakusema uongo, ila alijiondoa kwenye sentensi. Alichagua upi ubaki, aliacha michache ikomae mbegu, alileta samadi, aliufukia. Kazi hiyo tukiiona kwenye bustani ya matuta tunaiita kilimo cha mboga na tunampa mwenye bustani semina.

Tena ule usingizi unaomkera mtu wa matuta ni akili ya mmea unaoishi mahali kama Mungaa. Mvua ya kwanza ya Novemba ni mwongo mzoefu. Inanyesha siku mbili, inakaa kimya wiki tatu, na kila mbegu iliyoiamini inakufa. Mbegu za mgagani haziamki zote kwa siku moja. Nyingine zinaamka na mvua ya kwanza, nyingine na palizi ya kwanza, nyingine zinaruka mwaka mzima. Shamba lenye mgagani lina akiba ya mbegu chini ya udongo ambayo hakuna mvua moja ya uongo inayoweza kuimaliza.

Wataalamu wa mbegu wanataka kinyume chake, na wana sababu. Tangu mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan kina tawi lake la Afrika mjini Arusha, na hapo mboga kama mnavu, mchicha, figiri na mgagani zimekusanywa, zikahifadhiwa mbegu zake na kuchaguliwa zilizo bora. Kwa mgagani kinachotafutwa ni mmea unaochelewa kutoa maua, wenye majani mengi na mapana, na mbegu zinazoota kwa pamoja. Mtu anayelima ili auze hawezi kuishi na mbegu zinazojiamulia. Anataka apande Jumatatu, wiki ijayo aone mistari, na baada ya mwezi hadi mwezi na nusu aanze kuchuma. Anataka avunje kichwa cha mmea ili utoe matawi, acheleweshe maua kwa samadi na maji, achume kila wiki. Yote hayo yanawezekana na yanafanyika.

Ninachosema ni kwamba mgagani wa namna hiyo ni mali nyingine. Mbegu iliyofundishwa kuamka yote siku moja haina tena ile akiba, na ikidondoka shambani Mungaa itamwamini mwongo wa Novemba. Anayeinunua atainunua tena. Duka la pembejeo litafurahi, na nadhani ni haki lifurahi, ila isisemwe kwamba mmea umeboreshwa bila kutaja umeboreshwa kwa ajili ya nani. Hadi sasa, kwenye rafu za maduka hayo, mara nyingi utakuta kabichi, nyanya, chainizi na tikiti, na mgagani hutaukuta. Afisa ugani ana kijitabu cha kabichi chenye ratiba ya kupulizia dawa dhidi ya nondo wake, mdudu aliyekwisha kuzizoea sumu nyingi kiasi kwamba ratiba inaonekana kama lishe yake. Afisa ugani na mgagani wanakaribiana kwa herufi, lakini kikazi hawajatambulishwa.

Kenya ilitangulia. Huko mgagani una majina ya watu wanaoujua: chinsaga kwa Wakisii, ambao humpa mama aliyejifungua, saget kwa Wakalenjin, tsisaga kwa Waluhya, dek kwa Wajaluo. Mary Abukutsa-Onyango, profesa wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, alitumia miaka mingi kuzichunguza mboga hizi wakati wenzake wengi waliziita magugu, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ukamtunuku tuzo ya kisayansi yenye jina la Kwame Nkrumah. Katika miaka ya 2000 mboga hizo ziliingia kwenye maduka makubwa ya Nairobi, zikafungwa na kupangwa mahali penye ubaridi. Zilipopata bei, wanaume nao wakaanza kuzilima. Sisemi hilo kwa ubaya. Ni taarifa tu ya jinsi kazi inavyobadilisha jinsia ikishalipwa.

Jikoni, mgagani una masharti. Unachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa kwa sababu ya uchungu, na vitamini C inaondoka nayo bila kuaga. Wengine wanamwaga mara mbili. Halafu unaungwa kwa karanga zilizotwangwa, au kwa maziwa, na ukilala usiku mmoja unakuwa mtamu zaidi. (Karanga hizo zinaota vizuri tu kwenye vishamba vya Tanzania ya kati. Kati ya 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilimwaga zaidi ya pauni milioni thelathini Kongwa na kwingineko ikijaribu kuzilima kwa matrekta, ikaondoka bila karanga.) Ugali wa uwele na mgagani wa karanga ni mlo ambao mgeni anaupenda siku ya pili. Siku ya kwanza anauliza kama kuna nyama.

Kiangazi ndicho kinachoamua yote. Mvua ikikatika Aprili, mgagani unakwisha mwezi unaofuata, na kilichobaki hadi Januari ijayo ni kile kilichokaushwa. Singida ina miamba mikubwa ya mawe iliyotapakaa kila upande, na mwamba uliopigwa na jua ni kikaushio ambacho hakuna mradi uliokileta. Majani yanatandazwa, yanageuzwa, yanakunjamana, yanaingia kwenye chungu au mfuko. Wataalamu wa lishe wanasema, na wako sahihi, kwamba jua la moja kwa moja linaharibu sehemu kubwa ya kile kinachogeuka vitamini A mwilini, na wanashauri kivuli. Kivuli kinachukua siku nyingi, na siku nyingi ni kuku na mbuzi wa kuwafukuza. Juni na Desemba watoto chini ya miaka mitano hupewa matone ya vitamini A zahanati, jambo jema kabisa. Mezani pao, miezi hiyo miwili, kuna majani makavu yaliyoachia nusu ya thamani yao juu ya jiwe kwa kukosa wavu wa kufunikia kichanja cha kivulini. Wavu ni kitu cha bei ndogo. Ugumu wake ni kwamba hakuna mradi wa mgagani wa kuuombea.

Sokoni mjini Singida, msimu wa mvua, fungu la mgagani huwekwa chini, kwenye gunia, mbele ya meza iliyobeba kabichi na chainizi. Muuzaji wa kabichi atakueleza gharama zake bila kuombwa: mbegu, mbolea, dawa, usafiri. Mwenye mgagani ukimwuliza bei ameipataje atakutazama. Anahesabu nauli. Kuamka saa kumi na moja kuchuma kabla jua halijapanda, kuuruka kwa jembe Januari nzima, kumbukumbu ya hame gani lina mgagani mtamu na lipi lina mchungu, hivyo havimo kwenye bei, kwa sababu na yeye ameambiwa umejiotea, na ameamini.

Kitambaa changu sasa kiko uchagani kwa shangazi, kimefungwa na majivu, mahali ambapo siwezi kukifikia na kukiharakisha. Amekataa kunipa tarehe. Amesema Novemba nisubiri mvua ya kwanza ipite, niiache idanganye wengine, kisha niende na jembe.